Kiazi Kilichorudishwa Udongoni

Wezi ni watu wa haraka. Katika utumishi wake wote Inspekta hakupata kumwona mwizi aliyefunga kabati alilolipora, wala aliyetandika kitanda baada ya kupekua chini ya godoro. Ndiyo maana asubuhi ile, akiwa amepiga magoti katika nyasi fupi za uwanda wa mlimani, ukungu ukimlowesha mabega, alilitazama shimo lililokuwa mbele yake hata wenzake wakaishiwa subira. Shimo lilikuwa limefukiwa. Wala si kufukiwa kwa kusukumiwa udongo kwa kiatu. Udongo ulirejeshwa kwa tabaka zake, mwekundu chini na mweusi juu, ukashindiliwa kwa kiganja, kisha ukavikwa kipande kilekile cha majani kilichokatwa juu yake, ambacho Inspekta alikuwa ameshakiinua kando. Na mashimo mengine yote, ndani ya uzio mzima, yalikuwa katika hali hiyohiyo.

"Afande, umelala au unaomba dua?" aliuliza konstebo wake, mwanamke mwenye ulimi mwepesi ambaye ndiye aliyekuwa dereva wake pia.

"Nasoma."

"Basi soma kwa sauti, na sisi tupate thawabu."

Masharubu ya Inspekta yalicheza kidogo. Kituoni walimpachika jina la Kobe, kwa kuwa hakuna aliyepata kumwona akikimbia, na kwa kuwa wengi waliomkimbia walikoenda walimkuta ameshafika.

Pembeni, mikono kifuani, alikuwa amesimama Daktari wa Mimea, mkuu wa kituo cha utafiti kilichokuwa na dhamana ya uwanda ule. Alikuwa mwanamke wa makamo, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelia faraghani akanawa uso kabla ya kutoka mbele za watu.

"Nieleze tena, Daktari," alisema Inspekta. "Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua hata kumwagilia nyanya."

"Ua la ukungu halioti popote pengine duniani. Ni hapa tu, katika nyasi hizi, kwenye baridi hii. Huchanua samawati kwa muda mfupi, kisha shina hukauka na uhai wote hurudi chini. Huko chini huwa na viazi viwili vilivyoshikana kama pacha. Kimoja cheusi kilichokunjamana. Hicho ndicho kilicholilisha ua la mwaka huu. Cha pili cheupe, kimejaa. Hicho ndicho ua la mwaka ujao."

"Na mwizi amechukua kipi?"

"Vyote, bila shaka. Ulinikataza kufukua, sikufukua. Lakini Inspekta, kuna nini cha kutafuta? Lango halikuvunjwa. Funguo ziko mbili, wangu na wa Mlinzi. Na Mlinzi amekiri tangu jana."

"Amekiri, ndiyo. Lakini sijamuuliza swali hata moja."

Alitoa brashi mfukoni, akaanza kuuondoa udongo tabaka baada ya tabaka, taratibu, kama mtu anayefunua uso wa mgonjwa aliyelala. Kuta za shimo zilikuwa laini, zimejipinda kwa ndani. Jembe dogo la bustani huacha mkato ulionyooka. Hapa mtu alikuwa amechota, si kuchimba. Brashi ikagusa kitu. Inspekta akapangusa udongo uliobaki, akasogea kando ili Daktari aone.

Ndani ya shimo kulikuwa na kiazi kimoja cheusi, kilichokunjamana, kimelazwa ubavu.

"Amekirudisha?" Daktari aliinama kwa ghafla hata miwani ikamtoka. "Cheupe amechukua, cheusi amekirudisha? Kwa nini?"

"Fukua na lile pale, konstebo. Na lile."

Wakafukua. Kila shimo lilikuwa na kiazi chake cheusi, kila kimoja kimelazwa, hakuna kilichotupwa. Daktari alikaa chini katika majani yenye umande, asijali sketi yake. Alieleza kwa sauti iliyopwaya kwamba kiazi cheusi kikitengana na mwenzake hakina tena chochote cha kutoa. Kitaoza kabla ya mvua, na msimu ujao uwanda ule hautachanua hata ua moja. Kazi ya maisha yake yote ilikuwa imekwisha kwa adabu na unadhifu.

"Huyu aliyefanya hivi," aliuliza konstebo, safari hii bila mzaha, "alikuwa mwizi au mkunga?"

Inspekta alikuwa akipima upana wa alama ya kiganja iliyobaki juu ya udongo wenye unyevu. Kiganja kilikuwa chembamba.

*

Mjini watu walikuwa wameshamhukumu mtu mwingine kabisa, muuza maua aliyeitwa Bwana Marashi, ambaye msimu uliopita alikutwa kando ya uzio ule akiwa na gunia na visingizio. Inspekta alimkuta dukani mwake, miongoni mwa ndoo za waridi, akiwa amevaa shati lenye maua mengi kuliko duka.

"Inspekta! Umekuja kununua au umeniletea pingu?"

"Pingu ni mali ya serikali, haziuzwi wala hazitolewi zawadi. Nimekuja kutaka ushauri."

"Ushauri! Haya, keti. Polisi wakitaka ushauri wangu, basi dunia imefika ukingoni."

"Kama ungetaka kuyaiba maua ya ukungu, ungeyaibaje?"

Bwana Marashi alimtazama, akamtazama na konstebo, akacheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake.

"Naapa sikuyagusa. Lakini kwa kuwa umeuliza, ningeng'oa bonge zima na udongo wake, nikalifunga kwa gunia bichi, nikaondoka. Ua lile limezoeana na udongo wake. Ukilitenga nao halimalizi safari. Na mashimo ningeyaacha wazi kama midomo ya wanaopiga miayo. Nifukie ili iweje?"

"Na viazi viwili vile, ungevitenganisha?"

"Kuvitenganisha? Nani atakayenunua? Aliyevitenganisha hajui biashara, afande, na wala hajui maua."

"Basi anajua nini?"

Muuza maua alifikiri, na kwa mara ya kwanza uso wake ukapoteza ujanja.

"Sijui. Lakini hakuwa akichuma fedha."

*

Mlinzi wa uwanda alikuwa mtu wa kimo kirefu, mikono kama makafi ya mtumbwi, na katika chumba kidogo cha mahojiano alionekana kama kabati lililowekwa mahali pasipolitosha. Hakuinua macho Inspekta alipoketi.

"Nimeshasema ni mimi. Mnataka nini zaidi?"

"Maneno machache tu. Ulichimba kwa kitu gani?"

"Jembe dogo. Lile la kazini."

"Ulichukua viazi vipi?"

"Vyote. Nikavitia mfukoni."

"Vyeusi na vyeupe?"

"Nimesema vyote."

Konstebo aliacha kuandika. Inspekta aliendelea kwa sauti ileile, kana kwamba anaulizia bei ya sukari.

"Mashimo uliyafukia?"

"Niliyafukia ili yasionekane."

"Viazi viko wapi?"

"Nilivitupa mtoni."

"Umekaa na maua yale miaka mingi, unayalinda na mbuzi, na baridi, na akina Bwana Marashi. Kisha unayatupa mtoni. Kwa nini?"

Mlinzi alikuwa akiitazama mikono yake iliyolala mezani.

"Nilikuwa na hasira nayo."

Inspekta alitambua kwamba hilo ndilo neno la kwanza la kweli kusemwa tangu mlango ulipofungwa.

"Siku zile za wizi, ulipokuwa likizo, ufunguo wa lango ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Msumarini."

"Likizo ya nini?"

"Msiba."

"Pole. Nani?"

Mlinzi aligeuza uso ukutani. Mabega yale makubwa yalitulia kabisa, na alipokuja kusema, hakujibu swali aliloulizwa.

"Andika ni mimi, afande. Nakuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu. Wewe andika tu ni mimi."

Nje, katika ukumbi, konstebo alifunga daftari lake. "Hajui kama kiazi cheusi kilirudishwa. Hakuwapo."

"Hakuwapo. Na viganja vyake viwili vingefunika shimo zima na kuzidi." Inspekta alivaa kofia. "Nani anayeingia nyumbani kwake, anayefikia msumari ule, mwenye kiganja chembamba, ambaye mwanamume huyu yuko radhi kufungwa kwa ajili yake?"

"Mkewe."

"Mpigie Daktari simu. Mwambie atufuate kule, aje na vyombo vyake. Kama vile vyeupe bado viko hai, kila saa ya joto inavila."

*

Nyumba ya Mlinzi ilikuwa chini kabisa ya mlima, mahali ambapo joto hukaa tangu asubuhi. Ilikuwa nyumba ya matofali, ndogo, imefagiwa. Mlangoni kulikuwa na ndara za mtoto, zimepangwa pamoja, ncha zikielekea nje. Aliyewafungulia alikuwa mwanamke mwembamba aliyejitanda kanga, na aliwakaribisha bila kuuliza wametoka wapi, kama mtu aliyekuwa akiwangoja.

"Mama, samahani kwa kukusumbua," alisema Inspekta, akivua kofia. "Nimekuja kwa habari ya kijiko."

Mwanamke aliigeukia rafu ya vyombo. Miongoni mwa vijiko vilivyokuwa vikimetameta kulikuwa na upawa mmoja mpana, ukingo wake umekwanguliwa na mawe.

"Ule pale. Sikuuficha."

"Na mumeo amekamatwa, unajua?"

"Nilisikia jana. Nilidhani watamwachia, hakufanya kitu. Leo asubuhi jirani akaniambia amekiri." Alijifuta mikono ambayo haikuwa na maji. "Nilikuwa navaa nije kituoni. Sijui kwa nini amesema uongo. Mimi na yeye hatusemezani."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipomzika Chiriku."

Chiriku lilikuwa jina la utani alilopewa mtoto wao na baba yake, kwa kuwa alikuwa hanyamazi. Alisema tangu anapoamka mpaka usingizi unapomnyang'anya neno mdomoni. Na neno lake kubwa lilikuwa moja: baba, lini utanipeleka kuyaona maua yako? Baba akajibu kuwa uzio ni uzio, hata kwa mwanawe. Lakini akiwa mkubwa kidogo atamwombea ruhusa. Msimu huu aliahidi. Maua yalipochanua, homa nayo ikaingia. Mama alituma salamu mlimani. Baba alijibu kwamba ni siku za kuchanua, wezi wengi, hawezi kuacha lango; atashuka likizo ikianza.

"Aliposhuka," alisema mwanamke, "alimkuta ameshaoshwa."

Konstebo aligeuka akatazama dirishani.

"Sikumlaumu kwa mdomo. Nilimnyamazia tu. Yeye akanyamaza. Akawa anakaa pale, ufunguo juu ya kichwa chake, msumarini. Nikasema, mwanangu alikuwa hataki kingine. Siku aliyolala usingizi mzito nikauchukua, nikapanda." Aliinua macho. "Sikuyaua, afande. Naomba mlijue hilo. Nilipochimba la kwanza nikakuta wawili, kizee kimekunjamana na kichanga cheupe kimemshika. Mkono ulikataa. Nikasema, siwezi kuondoka na wote. Najua mimi mwenyewe ilivyo. Nikawachukua watoto tu. Kila mama nikamlaza mahali pake nikamfunika vizuri. Watazaa tena."

Daktari alikuwa amefika, yuko kizingitini na sanduku lake la barafu, na maneno ya mwisho aliyasikia. Alifungua kinywa. Inspekta alimtazama, naye akakifumba.

"Tupeleke alipo, mama," alisema Inspekta.

Makaburi yalikuwa nyuma ya nyumba za mtaa, ardhi kavu iliyopasuka kwa jua. Kaburi moja dogo tu lilikuwa limelowa. Palikuwa na kopo la maji ubavuni pake, na udongo ulikuwa umesawazishwa kwa mkono.

"Namwagilia asubuhi na jioni," alisema mwanamke.

Daktari aliweka sanduku chini. Alikuwa amekuja na hasira yake, hasira ya haki, na Inspekta aliona jinsi ilivyokosa mahali pa kusimama. Hata hivyo jambo lilibidi kusemwa, na hapakuwa na mwingine wa kulisema.

"Mama," alianza Daktari, "yule mweusi hazai tena. Huwa ameshamaliza. Yote aliyokuwa nayo ameshampa mweupe."

"Alikuwa mzima. Nilimshika."

"Alikuwa ganda, mama yangu. Nisamehe. Ua lote lilikuwa ndani ya hivi ulivyovichukua."

Mwanamke alisimama bila kutikisika. Upepo uliinua upindo wa kanga yake, hakuushika.

"Kwa hiyo kule juu hakuna kitu."

"Hakuna."

"Na duniani?"

Daktari alitikisa kichwa. "Ni hapa tu. Na hapa joto ni kali, na maji yamezidi. Vingine vitakuwa vimeoza. Lakini kama vipo vizima, vikitoka leo, naweza kuvirudisha."

Hapo ndipo wote walipolifahamu ombi lenyewe. Kwa sheria vilikuwa vielelezo. Inspekta angeweza kuamuru, na konstebo angechimba. Alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Sitagusa pale bila idhini yako," alisema. "Ukikataa, nitaandika kwamba vimeoza vyote, na Mungu ndiye atakayeniuliza."

Daktari alishtuka, lakini hakumkanusha.

Mwanamke alipiga magoti. Konstebo alimnyooshea koleo dogo, akalikataa. Alichimbua kwa vidole, kuanzia miguuni pa kaburi, na kila kiazi alichokitoa alimpa Daktari, aliyekibonyeza kwa kidole gumba kisha akakiweka kulia au kushoto. Vilivyowekwa kushoto vilikuwa vimelainika na kutoa maji. Vilikuwa vingi. Upande wa miguuni vyote viliharibika. Katikati, vyote. Alipofika upande wa kichwani, ambako kivuli cha mti wa jirani kilikuwa kikipita mchana, mikono yake ilisita.

Viazi vya pale vilikuwa vigumu, vyeupe, na kila kimoja kilikuwa na ncha ya kijani, ndogo kama jino la kwanza.

Daktari aliviweka kulia kimoja kimoja. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, na aliyaacha yatiririke kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi. Kilipobaki cha mwisho, mwanamke alikishika kwa muda mrefu. Inspekta alitazama pengine. Aliposikia kifuniko cha sanduku kikifungwa, akajua kwamba nacho kimetolewa.

"Hivi vilivyooza," alisema mwanamke, "mnavitaka?"

"Hapana," alijibu Inspekta. "Hivyo havina kesi."

*

Kituoni, koplo wa zamu alikuwa akimrudishia Mlinzi mkanda wake na kamba za viatu, kwa kuwa Inspekta alikuwa ametangulia kupiga simu aachiliwe. Mlinzi alipoinua kichwa alimwona mkewe akiingia kati ya Inspekta na konstebo. Hakuwa na pingu. Udongo ulikuwa umemkauka mpaka kwenye vifundo vya mikono. Njiani alipewa maji anawe, akayakataa.

Wakatazamana. Koplo, ambaye hakujua lolote, alichukua kalamu na kuuliza jina la mtuhumiwa. Inspekta alimshika mkono asiandike kwanza.

"Vilikuwa vimeanza kuota," alisema mwanamke.

Mlinzi alisimama na kamba ya kiatu mkononi. Midomo yake ilihangaika, kama mtu aliyesahau jinsi ya kuanza.

"Upande gani?"

"Wa kichwani."